Vikombe vya Ikupa

Seti ya chai ya Ikupa haikuwa na mwenzake mlima mzima. Ilikuwa na buli lenye tumbo, jagi dogo la maziwa, bakuli la sukari, visahani sita na vikombe sita, vyote vyeupe, na ukingoni vimezungukwa na majani madogo ya buluu yaliyoshikana kama watoto wanaocheza. Aliachiwa na muuguzi wa Kijerumani ambaye Ikupa alimfulia nguo miaka mingi kule misheni Rungwe. Vita ilipoanza Wajerumani wakakusanywa wakapelekwa mbali, na yule muuguzi akamwambia Ikupa achukue vyombo vile, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua angelala wapi. Ikupa na mumewe walipohamia milima ya Mbeya alivibeba kichwani, hakukubali kumwachia mtu mwingine, na hakikupasuka hata kimoja.

Usidhani basi kwamba viliwekwa kabatini vikatazamwa. Ikupa hakuwa mtu wa kuficha kitu mpaka kimchoshe mwenyewe. Mwanamke akijifungua jirani, uji wake wa kwanza ulipelekwa katika kikombe kile. Mwinjilisti akipita, wafiwa wakikaa, fundi akiezeka paa, vikombe vilitoka. Na kila alasiri, mvua inyeshe isinyeshe, Ikupa na mumewe Fanueli walikaa barazani wakanywa chai wawili, wakilitazama shamba lao la pareto. Walikuwa wameanza hivyo wangali na meno yote. Watu wa kuchokoza waliwaita Wazungu weusi. Fanueli, mzee wa kanisa mwenye koti jeusi na sauti nzito, alicheka tu na kuomba aongezewe.

Vikombe vitano kati ya hivyo sita vilivunjwa na mke wa mwanawe, Damari, kwa mara moja. Na alivivunja kwa sababu ya adabu, si kwa uzembe. Hilo nalisema mapema ili asije mtu akamlaumu kabla hajasikia.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana haonani na baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Wakikutana njiani, mwanamke hufunika uso na kujitupa pembeni, na mzee naye, kama alilelewa, hugeuka. Kule Rungwe mambo haya yalikuwa na nafasi yake, maana vijana walijenga kijiji chao mbali na cha baba zao. Lakini Fanueli alikuwa mgeni hapa mlimani. Shamba aliliomba kwa Wasafwa, wenyeji wa hapa, na shamba la kuomba halina nafasi ya vijiji viwili. Mwanawe Yotamu alipomwoa Damari, nyumba yake ilijengwa uani kwa baba yake, jiko likawa moja. Mchungaji aliwaambia kwamba mkwe kumwamkia mkwe si dhambi, wala hakuna atakayeumwa. Wote wawili waliitikia ndiyo, mmoja akiwa upande huu wa kanisa na mwingine upande ule, wakarudi nyumbani wakaendelea kukimbiana.

Kwa hiyo walijipangia. Fanueli alipita njia ya juu, Damari njia ya chini, na mzee hakukata kona yoyote ya nyumba yake mwenyewe bila kukohoa kwanza. Alikohoa sana, maskini, hata wageni wakamletea dawa ya kifua. Damari alikaa miaka miwili katika boma lile bila kumjua baba mkwe wake ila kwa sauti. Lakini sauti hiyo aliipenda. Alasiri, akiwa jikoni anamenya viazi, alisikia wale wazee wawili wakizungumza barazani, maneno machache, kijiko kikigonga kikombe, Ikupa akicheka chini chini. Kwao Damari baba na mama hawakuzungumza namna hiyo. Alikuwa akipunguza kasi ya kisu ili asikie vizuri zaidi, na moyoni alimwomba Mungu yeye na Yotamu wazeeke hivyo hivyo.

Siku ya mkosi ilikuwa siku ya sala. Akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni kwa Ikupa, na Damari alitoka jikoni na sinia lenye vikombe vyote sita. Visahani na buli vilikwisha tangulia. Wakati huohuo mvua ilimfukuza Fanueli shambani. Alipofika karibu alisikia wanawake wanasali, akaona haya kuwakoholea katikati ya Baba Yetu. Akanyamaza. Ili asiwapite mlangoni akashika njia ya chini, akakata kona ya jiko kimya kimya, na hapo akakutana uso kwa uso na mke wa mwanawe.

Damari alifanya kile alichofundishwa na bibi yake tangu akiwa mdogo. Mikono ilikwenda kichwani kuvuta kanga na kufunika uso. Mikono yote miwili. Sinia likabaki hewani halina mtu.

Fanueli naye hakungoja. Mzee wa kanisa mzima, na koti lake, alikatiza matuta ya viazi mbio, kofia ikabaki nyuma. Wanawake walipotoka walimkuta Damari amechuchumaa, kanga hadi magotini, na miguuni pake vigae vyeupe vimetapakaa kwenye tope. Kikombe kimoja kilikuwa kimeangukia kwenye majani, kimelala kifudifudi, kizima.

Ikupa alipita katikati ya wenzake akainama.

"Hukujikata mguu?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi inuka. Tope lina baridi."

Hayo tu. Aliviokota vigae mwenyewe, akawapa wageni chai katika vikombe vya bati, sala ikaendelea. Jioni hakusema kitu, wala siku iliyofuata. Damari alilala akisubiri maneno ambayo hayakuja, na kushukuru kulimwuma kuliko kukaripiwa. Angekaripiwa angelia yakaisha. Sasa alibaki na wema wa mama mkwe mkononi, hajui auweke wapi.

Kilichomvunja zaidi hakikuwa vikombe. Tangu siku ile Fanueli hakunywa tena chai nyumbani kwake. Alimtuma mkewe apeleke ujumbe kwa Damari kwamba asiogope, yeye atakuwa anashinda kwa mdogo wake Jailos, ng'ambo ya kijito, mpaka usiku uingie. "Nisije nikamuua mtoto wa watu kwa hofu," ndivyo alivyosema, na Ikupa alifikisha maneno yake bila kuyapunguza. Mzee alikuwa akimheshimu Damari kwa kadiri alivyojua. Lakini alasiri ikawa kimya. Kupitia mlango wa jiko Damari alimwona Ikupa akikaa barazani peke yake. Siku za mwanzo alitandika visahani viwili, kile chenye kikombe na kingine kitupu. Baadaye akatandika kimoja. Baadaye tena akaacha kutandika, akawa anakunywa chai yake amesimama jikoni, haraka haraka, kama mtu wa safari.

Hapo Damari aliapa. Vikombe vitarudi, na mzee atarudi kwenye kiti chake.

Alianzia mjini Mbeya. Alizunguka maduka ya Wahindi na kisahani kimoja, alichokitoa kabatini kimya kimya, ndani ya kanga, akikitoa kwa uangalifu kila alipofika. Mwenye duka wa mwisho, mzee mwenye miwani, alikigeuza, akakisoma alama ya chini, akakipapasa majani yale ya buluu kwa kidole.

"Mama, hii mali ya kabla ya vita," alisema. "Nilikuwa nauza sana. Kiwanda imekufa, haiji tena. Chukua hizi za maua mekundu, nzuri sana."

Damari aliyatazama maua mekundu. Yalikuwa mazuri kweli, lakini hayakuwa ya kwao.

Mumewe, Yotamu, alikuwa seremala, na tangu Krismasi alikuwa Iringa kwenye kazi ya kujenga shule. Damari aliomba ruhusa ya kwenda kumwona. Ikupa alimwangalia kidogo, akaenda kabatini, akarudi na kisahani kilekile amekifunga kwa kitambaa.

"Na hiki kisindikize," alisema. "Kule Iringa Wajerumani walijaa mashambani. Huenda mmoja aliacha ndugu za hiki."

Damari alipiga magoti kukipokea. Hakuwa amemwambia mtu nia yake.

"Usipopata, rudi wewe," Ikupa aliongeza. "Mimi nimezaa wavulana watupu, Damari. Binti nimempata uzeeni. Vikombe ni vikombe."

Damari alilia njia nzima hadi kituoni, na nusu ya machozi yale yalikuwa furaha.

Barabara ya Iringa wakati wa masika haikuwa barabara. Basi lilizama topeni, abiria wakashuka wakasukuma, wakapanda, wakashuka tena. Wakalala njiani. Mama mmoja wa Ubaruku, mwenye magunia yake ya mchele juu ya paa, alimgawia Damari wali baridi na kumwuliza amekumbatia nini muda wote, mtoto? Damari alipofungua kitambaa na kumwonyesha kisahani, yule mama alidhani labda binti huyu ana shida kichwani. Alimwongezea wali.

Yotamu alikuwa amepanga chumba Kihesa, kwenye nyumba ya mwashi mwenzake, Mhehe mmoja Mkatoliki aliyeitwa Tadeo. Alifurahi kumwona mkewe kuliko alivyojua kusema, kwa hiyo akamtengenezea kigoda. Damari alipita madukani Iringa yote, akapanda na kushuka ile miinuko yao, na jibu lilikuwa lilelile. Haiji tena. Jioni ya tatu alikiweka kisahani mezani, akakaa mbele yake.

Tadeo aliingia kuazima msumeno. Akakiona.

"Eh! Shemeji, hii umeitoa kwa Verediana?"

"Verediana ni nani?" Damari aliruka.

"Mama wa kilabu pale chini. Majani ni hii hii, buluu. Mimi hunywea ulanzi kwenye kikombe yake kila Jumapili nikitoka misa."

Yotamu aliweka nyundo chini. Ulanzi, kwa asiyejua, ni pombe ya Iringa inayogemwa kwenye mianzi wakati wa mvua. Ni tamu, ni nyeupe, na humwinua mtu kwenye kigoda bila yeye kujua anaelekea wapi. Katika kanisa la akina Fanueli, mtu akionekana amesimama tu mlangoni pa kilabu aliitwa mbele ya wazee akajieleze. Na mkuu wa hao wazee alikuwa Fanueli mwenyewe.

"Huendi," Yotamu alisema. "Baba akisikia?"

"Baba yako hanywi chai na mkewe kwa ajili yangu," alijibu Damari. "Hilo nalo alisikie nani?"

Asubuhi yake Yotamu alichukua koti lake akamsindikiza mpaka njia panda, na hapo miguu ya mtoto wa mzee wa kanisa ikakataa kusogea. Damari aliendelea peke yake.

Kilabu kilikuwa banda la nyasi lenye mabenchi kuzunguka kuta. Asubuhi ile wanywaji walikuwa wachache, wazee watupu, wengine wameshika vibuyu, wengine vipande vya mwanzi. Lakini wanne waliokaa karibu na mlango, wenye heshima zao, walikuwa na vikombe vyeupe vyenye majani ya buluu, na ndani yake ulanzi unatoa povu. Damari alisimama kama aliyeona jamaa zake utumwani.

"Kamwene," alisalimu Kihehe, kama Tadeo alivyomfundisha.

"Kamwene," waliitikia, na kutoka nyuma ya mitungi akaja mwanamke mnene, mweupe wa nywele, ugoro mdomoni. Huyo ndiye Verediana. Damari alipiga magoti, akafungua kitambaa, akaweka kisahani chini mbele yake. Mama yule alikitazama muda mrefu.

"Umekitoa wapi?"

"Ni cha mama mkwe wangu, Mbeya. Mama, naomba uniuzie vikombe."

"Haviuzwi. Hata usitaje habari ya fedha hapa." Kisha, kwa kuwa binti hakuinuka, akauliza, "Vyake vimekwenda wapi?"

Damari alieleza. Alieleza kanga, sinia, mikono miwili na Baba Yetu. Alipofika kwenye kofia iliyobaki kwenye matuta ya viazi, banda zima liliangua kicheko, mzee mmoja akamwaga ulanzi magotini na kuulilia. Verediana alicheka mpaka akashika nguzo. Nao Wahehe wana mambo yao ya wakwe, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

"Na sasa huyo mzee anakunywa wapi chai yake?" aliuliza akijifuta macho.

"Kwa mdogo wake. Walikuwa wanakunywa pamoja kila siku, mama, yeye na mkewe. Tangu wakiwa vijana. Mimi nilikuwa nawasikia nikiwa jikoni. Sasa kila mtu kwake, na mama anakunywa amesimama."

Kicheko kilikatika. Verediana alikaa kwenye benchi.

"Mume wangu Kalinga alikuwa mpishi wa Mjerumani huko milimani," alisema. "Vita ilipomchukua bwana wake, Kalinga alikuja na vikombe hivi kwenye gunia la maharage. Tulikuwa tunakunywa jioni, mimi na yeye, hapo hapo jikoni. Hata maji ya moto tu, kama majani ya chai hakuna. Alipokufa nilivitundika. Basi nikiviona vitupu chakula hakishuki. Ndiyo maana niliwapa hawa walevi. Nilitaka tu viwe na mtu."

Hakuna mlevi aliyelalamika kuitwa mlevi. Verediana aliinuka.

"Malizeni!" aliamuru.

Wale wazee wanne wakamaliza kwa funda moja, wakanyoosha mikono. Alivikusanya vikombe, akavisuuza, akavipanga mbele ya Damari. Kisha akaingia chumbani kwake akatoka na cha tano.

"Hiki sikupi. Hiki ni chake."

Damari alitaka kushukuru, na Kiswahili chake kikamwishia hapo hapo. Akasema kwa lugha ya kwao, "Ndaga fijo, ndaga fijo," akainamisha kichwa mpaka sakafuni. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa ametumwa. Alikiinua kile kisahani cha Ikupa kwa mikono miwili, akakiweka chini ya kikombe cha Kalinga. Kilikaa sawasawa.

Verediana aligeuza uso akawauliza wazee mbona wamekaa kimya, kwani kuna msiba hapa?

Yotamu alitengeneza kasha, akalijaza maranda laini ya mbao yake, akavilaza vikombe ndani kimoja kimoja. Katika safari ya kurudi Damari hakushuka kusukuma basi. Abiria walipomlalamikia aliwafungulia kasha, na baada ya hapo wakasukuma wakiwa wanamwuliza kama vikombe vimo salama.

Ikupa alivipokea akiwa amekaa chini. Alivitoa kwenye maranda, akavipanga pamoja na kile kilichosalia, vitano, na juu ya kila kimoja akapitisha kidole kuzunguka ukingo. Akaambiwa habari ya kisahani. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni haki. Kisha akaleta kikombe kimoja puani.

"Damari. Mbona kinanuka pombe?"

Damari akaungama kila kitu. Ikupa alicheka mpaka akajilaza ubavu, mwanamke wa umri ule, akipiga ardhi kwa kiganja. Wakavisugua kwa majivu wote wawili, wakavianika juani, wakavisugua tena.

Alasiri Ikupa alitandika barazani. Alituma mtoto wa jirani kwa Jailos akamwambie mzee kwamba vikombe vimerudi, sasa ni vitano. Alivaa kitambaa kipya kichwani. Damari alichemsha chai, akakaa jikoni na sikio lake mlangoni. Walingoja. Mtoto alirudi na majibu kwamba mzee amefurahi sana, anamshukuru sana mkwe wake, na atakuja usiku kama kawaida, ili asimtaabishe.

Ikupa aliitikia vizuri. Akaanza kuvirudisha vikombe ndani.

Damari alimwona akiokota kisahani cha kwanza, na moyo wake ukamwambia kitu ambacho safari yote haikumwambia. Vikombe vilikuwa nyumbani. Mtu hakuwapo. Na aliyemfukuza hakuwa sinia, alikuwa yeye na kanga yake.

Alitoka jikoni. Alimwomba mama mkwe wake sinia, akaweka juu yake buli, jagi, sukari na kikombe kimoja. Kanga aliyokuwa amejitanda kichwani akaifunga kiunoni, mafundo mawili. Ikupa hakumzuia.

Damari alishuka bondeni, akavuka kijito kwenye magogo, akapanda. Vyombo vilikuwa vinagongana juu ya sinia. Uani kwa Jailos mkewe Jailos alimwona kwanza, akapiga yowe la kumwonya shemeji yake. Mzee mrefu mwenye koti jeusi aliruka kutoka kwenye kigoda, akawa tayari amekwisha kuwapa mgongo wake, mguu mmoja hewani.

"Usikimbie," alisema Damari.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mtu yule tangu aolewe. Mguu ulibaki hewani.

"Nimeshika sinia kwa mikono miwili. Siwezi kufunika uso, na sitaki. Mama anakungoja barazani. Miaka miwili nawasikia mkizungumza mkinywa chai, na hakuna kitu nyumbani kwenu nilichokipenda kama hicho. Mimi ndiye nimekivunja. Ukikimbia tena nitakufuata hivi hivi na sinia, mpaka vyote viishe."

Jailos na mkewe walikuwa wameingia ndani, lakini si mbali sana na mlango. Fanueli aliteremsha mguu. Alikaa vile, mgongo kwake, mabega yakipanda na kushuka, hata Damari akaogopa kwamba amemkosea mtu ambaye hakumtendea ila mema. Kisha akageuka, polepole, kama mtu anayegeukia jua.

Ulikuwa uso wa Yotamu. Pua ileile, nyusi zilezile zilizokutana katikati, ila umekunjamana na meno ya mbele hayapo. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hofu, hofu kubwa kuliko ya Damari. Damari alikuwa amemkimbia mtu huyu miaka miwili.

"Mwanangu," alisema ile sauti nzito, "mimi nimechoka kukimbia. Magoti yenyewe hayataki tena."

Akasogea, akalipokea sinia kutoka mikononi mwake. Akaongoza njia. Waliokuwa mashambani jioni ile walisimamisha majembe kuona mzee wa kanisa akishuka bondeni amebeba sinia la chai, akihesabu magogo kwa miguu, na mke wa mwanawe nyuma yake bila kitu kichwani. Wengine waliguna. Wengine walisema ndio mwisho wa dunia. Fanueli aliwaamkia wote kwa majina.

Ikupa alisimama walipoingia uani. Alirekebisha kiti ambacho hakikuhitaji kurekebishwa. Fanueli aliweka sinia mezani, akakaa mahali pake, akavuta pumzi. Chai ilikwisha poa. Ikupa alipotaka kuirudisha motoni alikataa kwa mkono, akamiminiwa, akanywa, akatazama ndani ya kikombe.

"Chai ya leo ina utamu ambao siujui," alisema.

Ikupa na Damari hawakuthubutu kutazamana.

"Na vikombe mmeniambia vitano," Fanueli aliendelea. "Hapa naona viwili. Mwanamke aliyevileta ananywea nini?"

Ikupa aliingia ndani akatoka na cha tatu. Damari alikaa kwenye ngazi ya baraza, karibu na miguu ya mama mkwe wake, akanywa. Wazee wakaanza kuzungumza, maneno machache, kama zamani. Mbele yao ukungu ulikuwa unashuka juu ya pareto, na kwa mara ya kwanza alikuwa akisikiliza mazungumzo yale akiwa ndani yake.

"Ndaga, Damari," alisema mzee.

Hakuwahi kulitamka jina lake. Damari alishika kikombe kwa nguvu. Jina la mzee hakuwa na haki ya kulitaja na wala hakulitaka. Alikuwa nalo jingine, ambalo alilibeba kimya tangu siku aliyoingia katika boma lile.

"Ndaga, tata," alisema.

Maana yake, asante, baba.